Shimo la Murray

Noeline Haggart alitoka nje na kikombe cha chai, akanusa upepo, akaimwaga chai yote chini. Upepo wa joto kutoka kaskazini-magharibi, wa kumfanya mtu avue koti katikati ya Julai, majira ya baridi huku kusini mwa dunia! Mgeni angeufurahia. Yeye amezaliwa kwenye milima hii ya Canterbury, miaka sitini na minane sasa, na alijua unatangulia nini. Redio nayo ilikwishasema: saa tisa alasiri upepo utageuka, utatoka kusini, kilomita mia na thelathini kwa saa, na theluji mpaka Ijumaa.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kondoo mia tisa, wote wana mimba, walikuwa bado mlimani.

Mwanawe Bevan alikuwa ameshapakia marobota ya nyasi kavu kwenye pikapu.

"Nawapeleka Shimo la Murray," alisema. "Kule kwenye kibonde nyuma ya misonobari upepo hauingii."

"Thubutu!"

"Mama, nisikilize. Kosa la mzee lilikuwa kuchelewa. Alikuwa baa, kalewa chakari, akaja kuwaswaga kondoo theluji imeshafika kiunoni. Mimi nawahi, na nyasi ninazo. Watastarehe kama wako hotelini."

Hadithi hiyo bonde zima waliijua. Marehemu Murray, mumewe Noeline, aliisimulia mwenyewe kwa kinywa chake, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kondoo mia saba walifukiwa mle shimoni mwaka ule, na mizoga ilichimbwa siku kumi na tisa. Ndipo mahali pale pakapata jina. Murray akalibeba jina hilo mpaka kaburini, na hadithi yenyewe, jamani, ilikuwa uongo mtupu.

"Wapeleke juu, Mgongoni, kule kileleni kweupe," Noeline alisema.

"Mgongoni? Wapeperushwe? Nipe sababu basi. Shamba umeniachia mwenyewe, Mama. Huna sababu, naenda shimoni."

Akapanda kwenye gari, akawasha injini. Noeline akasimama mbele ya boneti.

"Baba yako hakuwa baa."

Bevan akazima injini.

"Alikuwa mjini Timaru, anang'olewa jino. Aliniachia neno moja tu: kondoo wakae Mgongoni, wapigwe na upepo. Mimi nikawaonea huruma. Nikachukua mbwa, nikawashusha wote shimoni, saa nne asubuhi, hata tone la theluji halijaanguka. Nyasi niliwapa. Sikuchelewa, Bevan. Upepo hauingii mle, ni kweli. Theluji ndiyo inaingia! Upepo unaifagia yote kutoka juu na kuimwaga mle mle."

"Sasa kwa nini yeye akasema..."

"Siku zile mwanamke akipoteza kundi, hashiki tena fimbo mlimani. Angerudishwa jikoni moja kwa moja. Mlevi wanamsamehe. Akaniambia, 'Mimi watanisahau ifikapo Krismasi.'"

"Na wewe ukanyamaza. Miaka thelathini na miwili!"

"Nikanyamaza."

Bevan alishuka garini, uso umemwiva. "Nilimdharau, Mama. Nina miaka kumi na mitano nikamwambia usoni, mlevi we. Ulikuwepo. Ulikuwa unaosha vyombo."

Noeline aliikumbuka hata sahani aliyokuwa ameishika siku ile. Aliona aibu, lakini machozi aliyazuia. Hayakuwa na kazi pale.

"Nitukane baadaye," alisema. "Nina haki ya kutukanwa. Sasa hivi tumebakiwa na saa saba tu."

Wakapanda mlima. Bevan na Duke, mbwa wa kubweka, walisukuma kundi kutoka nyuma. Noeline na Floss, mbwa asiyetoa sauti, walikwenda kulikinga lango la shimo, maana kondoo nao wana akili zao: kila wakihisi upepo walitaka kukimbilia mle. Akalifunga lango kwa waya, akasimama mbele yake, goti likimuuma, fimbo hewani. "Mnapotea njia, mabibi! Juu!" Mgongoni walifungua malango yote ya ua ili kundi lisinaswe, wakatandaza nyasi nyuma ya miamba. Siku nzima Bevan hakumsemesha mama yake, alisema na mbwa tu. Noeline hakulalamika. Saa nane na nusu upepo wa joto ukakatika ghafla, kimya kikatanda, nao wakateremka mbio.

Ilivuma siku tatu. Bati la banda likang'oka.

Jumamosi asubuhi walipanda wawili. Shimo lilikuwa limejaa pomoni, nguzo za ua hazionekani. Juu Mgongoni upepo ulikuwa umefagia kila kitu, nyasi zimebaki wazi, na kondoo wamesimama na barafu mgongoni, wanakula. Wanne walikuwa wamekufa. Noeline akawahesabu waliobaki mara mbili.

Jirani yao Colin akafika na trekta lake na koleo nyuma, tayari kusaidia kuchimba.

"Aisee, Shimo la Murray limejaa tena!" alicheka. "Mzee angekuwepo ningemnunulia bia!"

Bevan alimtazama mama yake.

"Colin," Noeline alisema, "kondoo wale mia saba niliwaua mimi. Murray alikuwa kwa daktari wa meno. Alinifichia aibu. Leo ukifika baa, waambie wote, na hilo shimo mliite la Noeline."

Colin akavua kofia, akaivaa tena, akasema atakwenda kuwaangalia kondoo wa upande wa pili.

Bevan akafungua chupa ya chai, akamimina, akanywa nusu. Iliyobaki akampa mama yake.

"Kesho naenda kaburini," alisema. "Nina la kumwomba mzee radhi."

"Twende wote."

"Hapana, Mama. Nitangulie mimi. Wewe utakuja siku yako."