Kunguru wa Hansaben

Mzee Pranlal Raichura ndiye Mhindi wa mwisho mtaani kwetu Manzese, na asikudanganye mtu kwamba ni mpole. Ana duka la masufuria na mabeseni, anaishi ghorofani juu yake, na mimi nimepanga barazani kwake na cherehani yangu. Ukimwomba apunguze bei, atakusomea kwanza ukoo: kwamba wao ni Walohana, kizazi cha Lava mwana wa mungu wao Rama, kwamba walikuwa watu wa upanga kabla ya kuwa watu wa mizani, kwamba babu yake alitoka Porbandar kule India akiwa kijana, akaja Lindi kumtumikia Mlohana mwenzake dukani hadi akafungua la kwake. Ukimaliza kusikiliza, bei ni ileile.

Mkewe, Hansaben, hakuipenda Manzese. Miaka nenda rudi alimwomba wahamie Upanga, karibu na hekalu na jamaa zao, apate wa kupiga naye soga kwa Kigujarati. Mzee akasema duka haliachwi. Mwaka jana mama wa watu akafa mlemle ghorofani. Mtoto wao, Nilesh, alikuja kutoka Uingereza, akawasha moto wa kumchoma mama yake kama dini yao inavyotaka, akarudi zake.

Kila mwaka, karibu na mwezi wa tisa, Wahindu hawa wana siku za kuwakumbuka wafu wao. Hupikwa wali wa maziwa mazito wenye iliki, hukaangwa vimkate viitwavyo puri, na fungu la kwanza huwekwa juu ya paa kwa ajili ya kunguru. Kunguru akila, marehemu ameridhika. Asipokula, marehemu ana kinyongo. Na walio hai hawaonji kitu mpaka kunguru ale. Kazi hiyo ni ya mtoto wa kiume, lakini Nilesh alisema kwenye simu kwamba hana likizo.

Basi siku ya Hansaben ilipofika, mzee alifunga duka, akapika mwenyewe, puri zikamtoka zimepinda, akapanda nazo juu ya paa la zege. Akaanza kumwita kunguru kwa kilugha chao: "Kaagvaas! Kaagvaas!" Jiji hili limejaa kunguru wanaokuibia hadi sabuni kwenye beseni, lakini siku hiyo hakuonekana hata mmoja.

Jua lilipoanza kuinama nilimpandishia maji. Akayakataa.

"Sesilia, umeona? Hataki."

"Nani, mzee?"

"Hansa. Aliniambia tuhame, mie nikasema duka, duka. Sasa ananijibu."

Akalia waziwazi, mzee mzima, kijiko mkononi. Nikageuza uso nisimtazame, ndipo nikaona kilichokuwa uani kwa jirani yetu Mwajabu: kunguru mfu, kaning'inizwa mtini kichwa chini. Mwajabu alikuwa na vifaranga wapya, na kila mfuga kuku mtaani anajua dawa hiyo. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Akimwona mwenzake hivyo, hasogei. Mzee macho yake hayafiki mbali. Sikumwambia. Nilishuka mbio.

"Mwajabu, mshushe huyo kunguru."

"Nimshushe? Vifaranga wangu utawachunga wewe?"

Nikamweleza. Alisikiliza ameshika kiuno, midomo ameibetua, nami nikajua nitatukanwa. Kisha akasema taratibu, "Yule mama alikuwaga ananisalimia pale dirishani kila asubuhi. Kuna siku nilikuwaga siitikii, kazi nyingi." Akachukua fimbo ndefu, akamwangua kunguru, akamfukia nyuma ya choo. "Ila mwambie mumewe afanye chap."

Lakini kunguru haambiwi afanye chap. Tulikaa palepale uani hadi alasiri ikaingia. Kunguru mmoja akatua kwenye tangi la maji, akatazama huku, akatazama kule, akarukaruka hadi kwenye sahani ukingoni mwa paa, akanyakua puri.

"Amekula!" mzee akapiga kelele kule juu. "Sesilia, amekula!" Akacheka, akapiga simu kwa Nilesh. Haikupokelewa. Akapiga tena.

Kunguru wa pili hakuwa na habari za marehemu yeyote. Alishuka moja kwa moja uani kwa Mwajabu, akaondoka na kifaranga. Mwajabu alishaokota jiwe. Akamtazama mzee kule paani, akaliachia chini.

"Mwajabu, umeona?" mzee akauliza, ameinama juu ya ukuta wa paa na simu yake.

"Nimeona, mzee. Hongera. Mama Nilesh ameridhika."

"Ameridhika," akaitikia. Akatutazama sisi wawili huku chini. "Na mie siku yangu ikifika, nani ataniitia kunguru?"

Nilimtazama Mwajabu, naye hakunitazama. Aliinama, akaanza kuwaingiza bandani vifaranga waliobaki.