Pompe Niliyoificha Sandukuni

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, nikiwa bibi harusi wa wiki tano tu, nilipokaribia kufa katika ua wa mama mkwe wangu pale Ngagara. Hakuna aliyenikosea. Kosa lilikuwa langu, mwanangu, na nakusimulia kwa sababu nasikia ninyi vijana bado mnalirudia.

Nina pumu tangu utoto. Kwetu Gihosha kila jirani alijua. Lakini posa ilipokuja, shangazi yangu aliniweka chini akaniambia, "We, funga mdomo. Mwanamke wa kukohoa nani atamtaka?" Nikamsikiliza, maana moyo ulikuwa umeshapenda. Pompe, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, nikaitia ndani ya kiatu, na kiatu nikakifukia chini kabisa ya sanduku. Hata mume wangu hakujua. Ujinga ulioje!

Basi, kazi ya mukazana, yaani mke wa mtoto wa nyumba, unaijua: ndiye anayefagia ua asubuhi. Na kiangazi chetu unakijua. Mvua ikishaaga, vumbi linaingia hata kwenye chumvi. Nilikuwa nafagia kidogo, nakimbilia nyuma ya jiko kukohoa, nimejiziba mdomo kwa kitenge. Mama mkwe akiniuliza, nasema ni mafua. Masikini, akawa ananipikia chai ya tangawizi. Pompe nilikuwa naivuta kwa kuiba, na siku nyingine siivuti kabisa, nisije nikaonekana.

Asubuhi hiyo tulikuwa na wageni wanaokuja, mama mkwe akaniambia nifagie mpaka barabarani. Sikufika. Kifua kilijifunga, sauti ikakata, nikakaa palepale kwenye vumbi. Mume wangu alikuwa ameshatoka kwenda Gatumba kwenye biashara yake. Mama mkwe na binti yake, wifi yangu Hawa, wakanibeba ndani wakanilaza chali, jambo baya kwa mtu wa pumu. Kisha mama akasema, "Hili ni shetani," akawasha ubani.

Mwanangu! Moshi ule! Nikawa naonyesha sanduku kwa kidole, nao wakadhani nataka kurudi kwetu. Mama mkwe analia, "Apana, mwanangu, usituache, tumekukosea nini?" Nami siwezi kutoa hata neno moja. Niliogopa, nakwambia kweli. Nilijiona nakufa mbele ya watu wanaonipenda, kwa siri niliyoitunza mwenyewe.

Hawa ndiye aliyefungua sanduku, nadhani anipe nguo nitulie tu. Alipozitoa, kiatu kikaanguka na pompe ikatoka. Nikaidaka, nikavuta, nikavuta tena. Kisha ikawa gari la jirani, hospitali, na siku mbili za oksijeni.

Niliporudi, mama mkwe hakunigombeza mbele ya watu. Alifunga mlango, akakaa kitandani kwangu.

"Kila asubuhi fagio nakupa mi mwenyewe," akasema. "Ungekufa, ningepanda Gihosha kumwambia mama yako nini? Na ule ubani nimekufukizia kwa mukono wangu, nikizani nakuponyesha."

"Nisamehe, Mama. Niliogopa mutanirudisha."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akanijibu. "Na we ulitaka kiniumbue na mimi."

Akalia, nami nikalia. Hadi leo naona haya nikiyakumbuka macho yake.

Sasa nisikilize, wewe mwenye pumu kama mimi. Usingoje vumbi likukute. Mvua zikianza kupungua, nenda kwa daktari. Akikupa dawa ya kuvuta kila siku, ivute hata siku unayojisikia mzima. Wale wa mtaani wanaosema ukizoea pompe umekwisha, waache waseme, kifua si chao. Ile ya kukufungua kifua iwe karibu nawe popote uendapo. Ua unyunyize maji kabla ya kufagia, au afagie mwingine, na huo si uvivu. Moshi wa ubani, wa makaa na wa takataka, uukimbie. Ukianza kukohoa usiku, dalili ya mvua ni mawingu, rudi kwa daktari mapema. Ukishikwa, kaa wima uvute dawa yako, na isipokufungua ni hospitali hapo hapo, usione tabu kuamsha watu.

Lakini kubwa kuliko yote, sema. Mwambie mchumba kabla ya mahari. Mwambie mkwe, mwalimu, bosi wako, na uwaonyeshe pompe inakaa wapi. Atakayekukataa kwa ajili hiyo, mshukuru, maana huko kwake ungekuja kufa kimya.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na akuweke kwa watu ambao siku pumzi hiyo ikikupungukia watajua la kufanya.