Nilifurahi Ndola

Mwalimu wa Siasa aliniita ofisini Jumatatu. Aliniambia siku ya Ijumaa nisimame mstarini, mbele ya shule nzima, nieleze jinsi nilivyodhalilishwa kwenye shule ya mabepari huko Zambia.

"Kwa kifupi tu," alisema. "Ulikwenda na jembe, wakakucheka. Halafu unamalizia kwa kusema shule zetu ndizo zinazofundisha utu. Umenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na usiongee kama mbu. Alama za tabia ninazo mimi."

Hadithi ya jembe sijui nani alimpelekea, ila bweni letu halina siri. Hizo alama za tabia ndizo zilizoninyima raha wiki nzima. Mtu anaweza kufaulu hesabu na bado asiende kidato cha tano kwa ajili ya tabia, na mimi kidato cha tano nakitaka kuliko kitu chochote. Kusimama mbele za watu pia naogopa. Hata jina langu likiitwa asubuhi naitika mara mbili, kwa sababu ya kwanza haisikiki. Lakini hayo yote ningeyameza kama alichotaka niseme kingekuwa kweli. Hakikuwa kweli. Mimi kule Ndola nilifurahi.

Baba alikuwa fundi kwenye kituo cha kusukuma mafuta ya bomba, hapa hapa Mbozi. Nilipokuwa darasa la nne, kampuni ikampeleka Ndola, Zambia, mwisho wa bomba, kwa mwaka mmoja. Watoto wake tukalipiwa shule ya kimataifa, ile ile ya watoto wa mainjinia. Mama alikuwa hajawahi kuona shule isiyo na shamba. Shuleni kwetu Hasamba muhula ukifunguliwa unaripoti na jembe na fagio, usipokuwa navyo unarudishwa nyumbani. Basi siku ya kwanza nikashuka kwenye gari la kampuni nimevaa sketi mpya, jembe begani, fagio la nyasi mkononi.

Walicheka. Sitasema hawakucheka. Mvulana mmoja wa Kiitaliano alinifuata nyuma akitembea amepinda mgongo kama kizee. Msichana wa Kizambia, ambaye baba yake alikuwa bosi wa mgodi, aliniuliza kwa Kibemba kama nimekuja kuomba kazi. Alidhani sielewi. Bibi yangu aliuza maharage Tunduma miaka mingi, na pale mpakani Kibemba tunakiokota sokoni tungali wadogo. Nikamjibu kwa Kibemba hicho hicho kwamba mimi nimekuja kusoma, je, yeye amekuja kufanya nini? Akanitazama, akacheka tena, lakini kicheko kingine. Saa ya chakula alikuja kukaa na mimi. Ndiye aliyekuwa rafiki yangu mwaka mzima.

Mwalimu wetu wa darasa, mama mmoja Mwingereza, alilipokea jembe langu bila kuuliza kitu, akaliegemeza kwenye kona palipokuwa na miavuli. Kila asubuhi tulikaa kwenye mkeka, kila mtoto akaeleza jambo lolote alilonalo. Zamu yangu ikifika ananitazama, mimi natikisa kichwa, anasema, "Kesho, basi," anapita kwa mwingine. Alifanya hivyo muhula mzima. Nilikotoka, mtoto asiyejibu alisimamishwa juu ya dawati mpaka ajibu au alie. Mimi nilikuwa wa kulia.

Muhula wa pili, mvua zikiwa karibu, zamu yangu ilipofika nikajikuta nimefungua mdomo. Kwa Kiingereza changu kibovu nilisema bustani yao haina matuta, mvua ikija itaondoka na udongo wote. Mkeka mzima uligeuka. Mwalimu akaenda kwenye kona ya miavuli, akanipa jembe, akasema, "Tuonyeshe."

Mtunza bustani alikuja mbio. "Mwana wandi," aliniambia, yaani mwanangu, "ukilima wewe, mimi nitabaki na kazi gani?"

Nilimwambia tunataka kipande kidogo tu, kule nyuma ya vyoo. Alikubali, ila alikuja kila siku kuangalia kama hatujavuka mpaka. Tulipiga matuta, tukapanda mahindi na maharage. Walipanga foleni kushika jembe langu. Yule Mwitaliano alikatazwa na mama yake kukanyaga udongo pekupeku, kwa hiyo aliuficha ushahidi: kabla ya kengele ya mwisho alikuwa bombani anasugua miguu. Nilijifunza kuogelea. Niliazima vitabu nikavisoma juu ya mti wa mpera nyumbani kwetu. Mwaka ule sikuumwa tumbo asubuhi hata mara moja, na mimi kwa kawaida shule ilikuwa inaniumiza tumbo.

Mengine pia niliyaona. Shule ilikuwa na uzio mrefu wa waya na mlinzi, na watoto wa kompaundi ya jirani, mtaa wa watu maskini, walikuwa wakituchungulia tukiogelea. Mwalimu wa Siasa angeniuliza hilo, ningemweleza bila kuficha. Hakuuliza. Yeye alikuwa na jibu lake tayari.

Ijumaa nikasimama.

"Siku ya kwanza walinicheka," nilisema. "Baada ya hapo nilifurahi. Sikudhalilishwa."

"Endelea," alisema mwalimu.

"Nimemaliza, mwalimu."

Akaigeukia shule. "Hiyo ndiyo kasumba ninayowaambia kila siku." Kisha kwangu: "Rudi mstarini. Tabia yako nitaiandika kama nilivyoiona leo."

"Sawa, mwalimu."

Jioni tulikuwa bombani tunasubiri maji, mimi na shoga yangu wa kitanda cha juu.

"Mama Ndola," alisema, "si ungemwambia tu anachotaka? Tungepiga makofi, ungepata A yako, yakaisha."

"Kwangu yasingeisha."

"Na kidato cha tano je?"

Nilitaka kulia hapo. "Nitakwenda au sitakwenda," nilimwambia.

Msichana wa kidato cha kwanza akachungulia kutoka nyuma ya foleni. "Dada, samahani, kwani asubuhi ulisema nini? Sisi wa nyuma tuliona midomo tu."

Shoga yangu alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Mwalimu wa Siasa alikuwa barazani, karibu tu, anazungumza na mwalimu wa zamu. Ningeweza kumwambia yule mtoto nitamweleza baadaye, bwenini. Niligeukia foleni.

"Nilisema nilifurahi Ndola."

"Ati?" mmoja wa mwisho aliuliza.

"Nilifurahi," nilisema, na safari hii hata barazani mazungumzo yalikatika. Shoga yangu akanishika kiwiko kunivuta. Nikauondoa mkono wake, nikakinga ndoo yangu.