Nilipoifuta Siku ya Ukili

Nilirudi Kilifi na shahada ya uzamili ya biashara, nikiwa na uchovu wa mtu aliyesoma miaka miwili bila kulala vya kutosha, na nikadhani uchovu ule ndio busara. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Shirika letu lilikuwa dogo, nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu na baraza pana. Kazi yake ilikuwa kuwatunza vijana walioelemewa moyoni: waliofeli mtihani, waliofiwa, waliokaa nyumbani hata wakaanza kuzungumza peke yao. Kamati ilinipa uongozi kwa sababu ya shahada. "Sasa tuna msomi, mambo yatanyooka," mwenyekiti alisema, na wote wakacheka. Nami nilicheka, lakini kimoyomoyo niliamini.

Chuoni nilifundishwa kuitazama kazi kama maji mferejini: yanaingia wapi, yanatoka wapi, yanapotelea wapi. Kwetu niliyaona yakipotea siku ya Alhamisi. Kila Alhamisi mjane mmoja wa mjini, mtafuna tambuu asiyejua kunong'ona, alitandika mkeka barazani na kumwaga miyaa, majani ya mkindu yaliyokwisha kuchanwa. Vijana wakasuka ukili, ule ukanda wa kushonea mikeka, mchana kutwa. Hakuna aliyeandika chochote, hakuna aliyeitwa ndani. Walisuka, wakataniana, na katikati ya utani mmoja wao angesema neno zito bila kuinua macho kutoka vidoleni, mwingine akamjibu, mikono ikaendelea.

Nilimwuliza yule mjane ni vijana wangapi wamekwisha kusaidika.

"Mwanangu," alisema, "mimi napima pima za ukili. Watu siwahesabu. Kwani kuku hawa?"

Miongoni mwao alikuwapo binti wa miaka kumi na tisa kutoka Ganze. Alishuka mjini kila Alhamisi na lori la mkaa, na akishauza magunia yake alinawa mikono kwenye bomba letu na kukaa ukingoni mwa mkeka. Mama yake alikuwa amefariki, na wadogo zake watatu walimtegemea yeye. Kwa miezi hakusema lolote. Kisha Alhamisi moja, kama mtu anayezungumzia jua, alisema hana haja ya kuyaona masika mengine. Niliyasikia maneno hayo nikiwa mlangoni. Mjane hakushtuka. Alimwambia, "Basi nishikie huu mwanzo, usije ukafumuka," akamweka ubavuni pake mpaka lori lilipopiga honi.

Niliifuta siku ya ukili hasa kwa ajili ya binti yule. Niliona jambo zito kama hilo linastahili chumba, mlango, na mtu aliyefunzwa kusikiliza. Nikapanga nusu saa kwa kila kijana. Nikapiga chapa fomu ya maswali tisa, la kwanza likiwa: Tatizo lako ni nini? Mjane aliisoma akiwa ameishika mbali na macho yake.

"Ulikwenda Nairobi kujifunza kuuliza?" alisema. "Hata mkwe hamuulizi mtu hivi."

Nilimjibu kwa adabu, na nikamwambia apumzike nyumbani.

Alhamisi iliyofuata vijana wanne walikaa barazani kwenye benchi, kila mmoja na karatasi mapajani. Baraza lile lilitazama njia ya sokoni. Watu waliokuwa wakipita miaka yote na kuona wasuka ukili, sasa waliona wagonjwa. Mmoja aliwapigia kelele, "Enyi, mnangojea sindano?" Wapita njia wakacheka. Binti wa Ganze aliandika neno moja, Sina, akaacha alama nyeusi ya kidole gumba pembeni, akaondoka bila kunawa.

Mimi niliipokea fomu hiyo pamoja na nyingine. Nilikuwa nimechoka. Nikaiweka katika faili la wasio na tatizo.

Wiki ya tatu mjane alinijia ofisini bila kubisha hodi.

"Binti wa mkaa yuko wapi?"

"Aliandika kwamba hana tatizo, mama."

"Aliandika? Nawe ukaamini maandishi, ukayaacha masikio yako mwenyewe?"

Alisema amemwuliza dereva wa lori. Binti hakuwa ameshuka tangu siku ile. Nilifungua faili, nikaiona ile alama ya gumba. Katika mtihani wangu wa mwisho chuoni nilikuwa nimeandika kurasa nne kwamba kiongozi lazima aende mwenyewe mahali kazi inapofanyika. Nilipewa alama nzuri sana.

Asubuhi yake nilipanda lori lile hadi lilipoishia, nikatembea kilichobaki. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa bado mafupi. Njia nzima nilipanga maneno ya kusema nikimkuta, kisha nikaogopa kupanga, maana kupanga ni kudhani kwamba nitamkuta.

Bibi yake, ambaye kule humwita hawe, alikuwa akichambua kunde mlangoni.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba. Wewe ndiwe mwalimu wa makaratasi?" Akanitazama viatu. "Umekuja na viatu vya harusini. Amekwenda bwawani. Kama unamtaka, chukua ndoo, asirudi mtu mikono mitupu."

Nililia pale pale, kwa furaha na kwa aibu, na hawe akajifanya anatafuta wadudu katika kunde.

Nilimkuta kwenye foleni ya maji. Hakushangaa kuniona. Tulijaza, tukajitwika, tukarudi mmoja mbele mwingine nyuma, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba, na maji yakanimwagikia mgongoni. Sikuuliza kitu. Tulikwenda mwendo mrefu.

"Nilitaka kujibu," alisema hatimaye, akiwa mbele yangu. "Lakini tatizo ukishaliandika, limekuwa lako. Na wale watu walikuwa wanacheka."

"Nilikosea," nilisema. "Sitakupa karatasi tena."

"Usiku bado ni mbaya," alisema. "Mchana kuna watoto."

Nilimwomba anieleze huo usiku, akanieleza, kidogo kidogo, akisimama kila mara kubadilisha mkono. Tulipofika uani ndoo yangu ilikuwa nusu. Hawe aliichungulia, akaguna.

"Nitakuja tena Alhamisi," nilimwambia binti.

"Alhamisi hutanikuta," alisema, akinipokea ndoo. "Alhamisi nashuka na mkaa."