Kikinga-jua cha Upande wa Sista

Kinyozi alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, amefiwa na mkewe miaka tisa iliyopita, na mkono wake haukuwahi kutetemeka juu ya sikio la mteja mpaka mwezi ule alipoanza kumpa lifti muuguzi.

Muuguzi alikuwa amehamia nyumba ya tatu kutoka kwake. Mtaa mzima ulimwita Sista, naye akamwita hivyo hivyo. Zahanati yake ilikuwa mwisho wa barabara ile ile inayopita mbele ya banda la kunyolea, kwa hiyo siku moja ya mvua Kinyozi alisimamisha gari akamwambia apande. Kesho yake hapakuwa na wingu hata moja, na bado akasimama. Sista akapanda. Hakuna aliyemuuliza mwenzake sababu.

Gari lenyewe Kinyozi aliachiwa na mjomba wake. Lilikuwa la siku nyingi, rangi yake iliwahi kuwa ya kijani, na lilikwenda vizuri ukilibembeleza. Kasoro yake kubwa ilikuwa kikinga-jua cha upande wa abiria, kile kibao cha kukunja kinachokaa juu ya kioo cha mbele. Kilikuwa kimechoka. Kitambaa kimechanika pembeni, sponji ya ndani imegeuka unga, na kila gari lilipokanyaga shimo kibao kilishuka chenyewe na kumpiga abiria puani. Barabara ya zahanati ilielekea mawio. Saa moja asubuhi jua lilikuwa likiwaingia machoni moja kwa moja. Bila kibao huoni kitu, ukiwa nacho unapigwa.

Mtu mwingine angelalamika. Sista alicheka. Alikuwa na kicheko kinachoanza kimyakimya, mabega yakitikisika kwanza, sauti ikija baadaye kama mgeni aliyepotea njia. Kibao kikimpiga alikirudisha juu na kusema, "Leo kimeamka vibaya." Kikimpiga tena alisema, "Sasa hii ni ya jana." Kinyozi alishika usukani kwa mikono miwili akajitahidi kutazama barabara. Akifika bandani, mteja wa kwanza alimkuta anatabasamu peke yake mbele ya kioo, wembe mkononi, na kwa kweli haikuwa picha ya kumtuliza mtu aliyekuja kunyolewa ndevu.

Alhamisi moja kitambaa kilichanika kabisa. Gari lilidunda, kibao kikashuka, na unga wa njano ukammwagikia Sista kuanzia kwenye nywele hadi kwenye sare yake nyeupe. Alijipangusa akicheka, akashuka. Ijumaa asubuhi alileta habari.

"Jana mgonjwa kaniuliza kama nimelalia keki."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hapana, nimepewa lifti tu."

Kinyozi naye alicheka, lakini masikio yalimwaka moto. Aliona haya ya mtu mzima. Kabla hajafika bandani alikuwa ameshaamua.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, alichukua bisibisi akafungua skrubu mbili, akakitoa kibao na kukipeleka kwa dada yake. Dada yake huyo, mkubwa wake kwa miaka minne, alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilitazamana na mlango wa Kinyozi uani. Dada alikitazama kile kibao, halafu akamtazama ndugu yake, ambaye alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

"Gari hili unalo mwaka wa kumi na moja," alisema. "Kibao kilianza kuanguka mwaka wa kwanza. Kimenipiga mimi, kimempiga marehemu mkeo, kimempiga fundi bomba. Leo kimekuwaje?"

"Kimechakaa."

"Kimechakaa," Dada alikubali, akavuta cherehani karibu. "Lete."

Walikifumua. Ndani mlikuwa na fremu ya waya, kadibodi iliyojikunja kama soli ya kiatu cha zamani, na lile vumbi la sponji lililowafanya wapige chafya kwa zamu. Kinyozi alikata kadibodi mpya kwa kufuata umbo la ile ya zamani, akaizungushia sponji nyembamba. Kijiti cha chuma kinachoshikilia kibao kilikuwa kinazunguka ovyo ndani ya tundu lake, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe. Akakiviringia utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, mzunguko mmoja, ukawa mdogo, miwili, ikakaza. Alikigeuza kwa kidole. Kikakaa pale alipokiacha. Alikigeuza tena. Kikakaa tena. Akakigeuza mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Basi, kimetii," alisema Dada. "Chagua kitambaa."

Kitambaa cha kijivu hakikuwepo. Kulikuwa na mabaki ya mahameli ya buluu, ya makochi ya mteja fulani, laini kama shavu. Dada alishona pande tatu. Upande wa nne, ule wenye kijiti, sindano ya cherehani haikuweza kufika.

"Acha nikushonee kwa mkono," alisema.

"Itachukua muda. Ninayo gundi."

Ilikuwa gundi ya papo hapo, ya kichupa kidogo chenye mdomo mwembamba kama wa mbu. Kinyozi aliimimina kwa ukarimu, akaufunga ukingo, akaweka kiganja juu yake na kukandamiza. Kichupa kilisema sekunde sitini. Alianza kuhesabu. Kwenye ishirini akawaza Jumatatu asubuhi, Sista akishusha kibao taratibu kwa kidole kimoja. Kwenye arobaini akamwaza akigeuka kumtazama. Hesabu ikampotea. Alipokumbuka na kutaka kuinua mkono, kibao kiliinuka nao.

Alivuta. Akatikisa. Alitembea mpaka dirishani na kurudi, sijui kwa nini. Kibao kikaenda na kurudi naye.

Dada aliweka mkasi chini kwanza, kwa sababu za usalama, kisha akateleza polepole kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, na hapo akacheka mpaka sauti ikamwishia na kubaki anapiga sakafu kwa kofi.

Mlango ulikuwa wazi. Hodi ilipopigwa, hakuna aliyeweza kuitikia. Sista aliingia akamkuta fundi cherehani yuko chini anajifuta machozi, na kinyozi amesimama katikati ya chumba na mkono wa buluu.

"Nimekuja wakati mbaya?" aliuliza.

"Hapana," alisema Kinyozi. "Karibu."

Alimnyooshea mkono wa kulia kumsalimia, akakumbuka, akampa wa kushoto. Mabega ya Sista yakaanza kutikisika. Lakini alikuwa muuguzi, akakishika kiganja akakigeuza kwenye mwanga.

"Usivute, utaacha ngozi. Dada, una ile dawa ya kutolea rangi ya kucha?"

Dada alikuwa nayo, na pamba pia. Alivileta, kisha akasema amesahau kitu jikoni, akaondoka na asionekane tena.

Sista alimkalisha Kinyozi kwenye kigoda cha wateja, akaanza kudondosha dawa tone kwa tone na kusugua kwa pamba. Kidole kidogo kilitoka baada ya dakika tano. Cha pete kilikataa.

"Nilikuja kukuambia jambo," alisema bila kuinua macho. "Kuanzia kesho nimewekwa zamu ya mchana. Nitakuwa naingia saa nane. Usinisubiri asubuhi."

Kinyozi alihisi kama gari limekanyaga shimo ambalo hakuliona.

"Sawa," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Hiki kibao nilikuwa nakutengenezea wewe."

"Nimeona."

"Sikutaka kikupige tena."

"Saa nane jua liko utosini," alisema Sista. "Kibao hakina kazi."

"Najua."

Kidole cha pete kilitoka. Alikishika kidogo zaidi ya ilivyohitajika, au Kinyozi ndiye aliyedhani hivyo.

"Kuna njia ambayo jua liko mbele?" Kinyozi aliuliza. "Nikupeleke. Popote."

Sista aliacha kusugua. Alifikiri kwa uzito wote, kama mtu anayesoma kipimo cha homa.

"Kwa shangazi yangu," alisema. "Ni upande wa machweo. Ukienda saa kumi na moja jioni linakupofusha kabisa."

Saa kumi na moja walikuwa barabarani. Kibao kilikuwa mahali pake, buluu tupu ndani ya gari lililopauka, na katikati yake alama ya kiganja iliyoachwa na gundi, vidole vitano vimekamilika. Sista alikishusha kwa kidole kimoja. Kikakaa. Kinyozi, ambaye maisha yake yote alikuwa akikwepa mashimo, sasa akayatafuta. Akalipata la kwanza. Kikakaa. La pili liliwarusha wote mpaka vichwa vikagusa paa, na kibao hakikutikisika. Hapo Sista akaanza kucheka, Kinyozi naye akashindwa kujizuia, na wakafika kwa shangazi hawawezi kusema lolote. Mama wa watu alisimama mlangoni akiwangoja wamalize. Hawakumaliza. Akaingia ndani akawawekea chai.

Wakati wa kurudi, Kinyozi alipita kona ya mtaa wao bila kukata. Sista aliona. Kinyozi akazunguka, akaipita tena.

"Ukiipita mara ya tatu," alisema Sista, "nitajua si bahati mbaya."

Akaipita mara ya tatu.

Walioana mwezi wa saba uliofuata. Dada ndiye aliyeshona gauni, na safari hii alikataa katakata kusaidiwa na mtu yeyote.