Jiwe la Mama yake Sista Ionie

Mkutano mkuu wa chama cha watu wa Carriacou, kisiwa kidogo cha Karibi, waishio Huddersfield, Uingereza, hufanyika Jumapili ya kwanza ya Mei, watu wakishatoka kanisani, na haujawahi kwenda kombo hata mara moja, kwa sababu anayeuendesha ni Sista Ionie Quashie. Huyo mama usimchezee. Saa yake ameibana kifuani kwa pini, kichwa chini, kama alivyozoea wodini, na ukizidisha dakika moja kusema, anaigonga kwa kidole na wewe unakaa mwenyewe bila kuambiwa.

Alikuja Uingereza mwaka 1961, ana miaka kumi na tisa, koti la kuazima na bahasha ya barua kutoka hospitali. Walimtia kwenye mafunzo ya uuguzi ya miaka miwili, akasoma kwa bidii kama kichaa, akafaulu. Kumbe cheti chenyewe kilikuwa cha daraja la chini, kile ambacho hata kwao visiwani hakitambuliwi! Hakuna aliyemwambia. Alilia siku moja tu, akarudi kuanza upya na wasichana waliokuwa jana wanamwita dada. Akawa sista kamili, muuguzi mwenye cheti cha kweli, mwisho akakabidhiwa wodi ya wazee zamu ya usiku. Akaishika miaka thelathini na mmoja.

Zamu hiyo aliitaka mwenyewe. Mchana alikuwa na kazi nyingine: kukaa kwenye mabenchi ya baraza la mji mpaka wakipe chama lile kanisa lililoachwa liwe ukumbi, kuanzisha shule ya Jumamosi, kugombana na walimu wakuu waliokuwa wakiwafukuza watoto wetu ovyo ovyo. Usingizi aliuiba katikati, kwa muda wa saa tatu tu, pazia limefungwa.

Na mawe. Mtu wa Carriacou akifa anazikwa, lakini hajatulia bado. Anatulia siku anapowekewa jiwe kaburini, na siku hiyo panachinjwa, panapikwa, na meza ya wazazi inatandikwa chumba cha peke yake, sahani zimejaa, hagusi mtu mpaka wenyewe waliotangulia wawe wamekula. Jiwe linaweza kungoja miaka hadi ukoo ujipange. Kila familia ya Huddersfield iliyotaka kuweka jiwe kule nyumbani ilikwenda kwanza kwa Sista Ionie. Yeye ndiye aliyejaza mapipa ya mchele na unga ya kupeleka kwa meli, yeye ndiye aliyejua nani aalikwe na ng'ombe gani achinjwe. Mawe arobaini na kitu yamepita mikononi mwake.

La mama yake halijawekwa. Mama alifariki mwaka 1984, na wiki ile wodi ilikuwa imeingiwa na ugonjwa wa kuhara, wauguzi wenzake nusu wamelala kitandani. Hakwenda kuzika. Alisema atakwenda kuweka jiwe. Mwaka uliofuata ilikuwa shule, uliofuata bomba la ukumbi, uliofuata kesi ya vijana na polisi, na hivyo hivyo mpaka ikatimia miaka kumi na minane na kaburi pale kijijini L'Esterre bado ni udongo mtupu. Lilimuuma, tena sana, ila ukimtajia anakuuliza kama umelipeleka shati lako kufuliwa.

Basi mwaka huu alistaafu, mwezi wa Machi. Wote tukajua Julai atakwenda kuliweka. Wiki moja kabla ya mkutano baraza la mji likaandika barua kuhusu paa la ukumbi, na yeye akatangaza kwamba Julai haitawezekana, atagombea uenyekiti tena, paa kwanza.

Mkutano ukaenda kwa dakika zake hadi mwisho wa orodha, pale palipoandikwa Mengineyo. Mzee Canute Enoe akasimama. Huyu aliunda mashua kijiji cha Windward kule kisiwani ujanani, akaja kusokota sufu viwandani, sasa ana miaka themanini na mbili na fimbo mbili.

"Bibi Mwenyekiti, nina neno."

"Linahusu chama, Mzee Canute?"

"Linahusu mama yako."

Mzee akaziegemea fimbo zake.

"Kanijia mara tatu usingizini. Kasimama mlangoni kwangu na sahani tupu mkononi. Namwambia pita ndani mama, hataki. Ananitazama tu."

Sista Ionie akagonga saa. "Usiku huo ulikula nini?"

Watu wakaangua kicheko.

"Supu ya mbaazi, tena sikushiba. Na usinipime homa hapa, mimi si mgonjwa wako."

Sista Ionie akamgeukia Verlyn Cudjoe, katibu wake wa miaka yote. "Hii mmeipanga. Kama unakitaka hiki kiti, shoga, si useme?"

"Kiti chenyewe kinayumba, nakitakia nini?" Verlyn akamrudishia. Kisha sauti ikampungua. "Hata mimi nilimwota, Ionie. Jumatano. Na sahani hiyo hiyo. Nilinyamaza kwa kukuogopa."

Hapo Sista Ionie akasimama, na sauti iliyotoka hatujawahi kuisikia. "Mbona haji kwangu? Mimi ndiye mwanawe. Miaka kumi na minane sijamwota hata siku moja! Kwa Canute, ambaye hata salamu hawakuwa wakipeana, anakwenda mara tatu. Kwangu kuna nini kibaya?"

Mzee Canute hakucheka. "Kwako ndiko alikoanzia, mwanangu. Mama aanzie wapi pengine? Lakini wewe ulikuwa zamu. Kila usiku anakuja, anakuta kitanda kitupu. Hata ungekuwa wewe ungechoka."

 Jamani, Sista Ionie, mtu aliyewajibu madiwani na maaskofu! Akavua miwani, akaiweka juu ya barua ya paa, akalia mbele ya watu sitini bila kujifunika uso. Hakuna aliyethubutu kumsogelea isipokuwa Verlyn, aliyemshika bega tu.

Alipomaliza alijifuta kwa kiganja, akasogea kando ya kiti.

"Kaa hapa," akamwambia Verlyn.

"Na paa?"

"Paa lenu hilo, mtajua wenyewe." Akachukua mkoba wake. "Miaka thelathini na mmoja nimewalaza mama za watu. Naenda kumlaza wangu."