Shingo Iliyong'arishwa Kupita Kiasi

Mtaani walimwita Fundi Kioo, naye aliitika kwa raha. Baiskeli ikitoka mikononi mwake, ungeweza kujitazama meno kwenye ringi. Wateja walimvika kilemba cha ukoka, akakivaa kutwa bila kuuliza kama kinamtosha.

Ile ya dada yake aliitengeneza kwa miezi minne. Ilikuwa baiskeli kuukuu ya resi, nyembamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Mama yao alipofariki, fundi alikuwa na miaka sita tu. Dada ndiye aliyemlea, akienda na baiskeli hiyo kazini kushona nguo za watu ili mdogo wake ale na asome. Baadaye ikatundikwa stoo, kutu ikaila miaka ishirini. Fundi aliishusha, akaifungua mpaka gololi ya mwisho, akaipaka rangi ileile ya samawati aliyoikuta bado safi chini ya kiti. Shingo ya usukani, yaani kile chuma kirefu kinachotumbukia ndani ya fremu, ilikuwa imeharibika kwa kutu. Aliipiga msasa siku tatu, mkali kwanza, laini baadaye, hadi ikateleza kama sabuni iliyolowa.

Asubuhi hiyo dada alikuja kuichukua. Aliizunguka mara mbili, akafuta macho kwa kiganja.

"Wewe mtoto, umenirudishia ujana wangu," alisema. "Ila mgongo huu haukunjiki tena. Hebu niinulie usukani."

"Kiasi gani?"

"Mpaka nikae kama malkia."

Wakacheka. Fundi akaulegeza, akaupandisha vidole vinne, akakaza kwa spana na kuutingisha. Haukucheza. Dada akapanda, akapiga kengele, akashika njia ya mteremko kuelekea kiwanda cha nguo.

Fundi akarudi kufagia. Ndani ya boksi la vyuma chakavu kulikuwa na shingo nyingine ya zamani. Aliposogeza boksi, jicho lake likaangukia mistari midogo iliyochongwa karibu na ncha ya chuma hicho. Kila fundi anaijua. Ukivuta shingo juu hadi mistari ionekane, umepita mpaka. Kilichobaki ndani ni kidogo mno, na mtu akiuegemea usukani waweza kung'oka. Kumbe wakati anaipandisha ile ya dada, macho yake yaliitafuta mistari kwa mazoea, hayakuiona, akaridhika kwamba bado iko ndani. Mistari haikuwa ndani wala nje. Alikuwa ameifuta mwenyewe, kwa msasa wake, siku tatu nzima, akipiga mluzi.

Alishika simu, akapiga, na ilipoita mara moja tu akaikata haraka kana kwamba imemuunguza. Je, dada akiachia mkono mmoja kuitafuta simu mkobani? Uzito wote si ungelalia upande mmoja? Aliogopa kupiga, akaogopa kutopiga. Baiskeli zote karakanani zilikuwa zimefunguliwa magurudumu, basi fundi wa baiskeli, mwenye sifa mtaa mzima, akatoka mbio kwa miguu na ndala zake.

Mteremko ule alikuwa ameushuka maelfu ya mara, lakini siku hiyo kila shimo lilimtisha. Hapa dada angelazimika kukwepa. Hapa angefunga breki na kuegemea mbele. Kwenye kona aliona kundi la watu wamesimama duara, akaanza kusema, "Mungu wangu, Mungu wangu," kama mtoto. Alipenyeza kichwa. Walikuwa wanatazama gunia la vitunguu lililopasuka.

Alimkuta chini kabisa, kwenye barabara kuu, mguu mmoja ardhini, akisubiri malori yapite. Hakuthubutu kumwita asije akashtuka. Alinyata, akakishika kiti kwa mikono miwili.

"Eh! Nani huyo?" Dada aligeuka. "Mbona unahema hivyo? Kuna nini nyumbani?"

"Shuka, dada. Shuka kwanza, nakuomba."

Alishuka huku akinung'unika kwamba atachelewa kazini. Fundi akashika usukani, akauvuta juu na kuupinda kidogo, na wote ukamjia mkononi. Sehemu iliyokuwa ndani haikuzidi upana wa kidole gumba. Lori likapita, upepo wake ukawapiga usoni.

"Niliifuta alama," fundi alisema, machozi yakimtoka. "Nilitaka ing'ae. Nisamehe, dada. Ningekuua."

Dada akaketi kwenye ukingo wa barabara. Fundi alingoja matusi, aliyataka hasa. Lakini mwanamke huyo alikuwa amepima vitambaa vya watu maisha yake yote, na alijua mkono ukikosea nguo moja haukosei hiyo peke yake.

"Mimi nimepona," alisema. "Nani wengine umewang'arishia hivi?"

Fundi alianza kuhesabu kwa vidole, akafika kwa mwalimu aliyeomba ainuliwe usukani mwezi uliopita ili mjukuu wake apate nafasi ya kukaa mbele, na hapo akaacha kuhesabu, akavua ndala, akaanza kukimbia tena.